Mzee Mwinshehe na Ubishi wa Globu

Mie watu wabishi siwapendi. Nasema mapema ili tusije tukalaumiana. Nimekuwa karani maisha yangu yote, na karani anajua dunia inakwendaje: kilichoandikwa ndicho, kisichoandikwa hakipo. Basi Mungu alivyo na mambo yake, katika Dar es Salaam nzima akanipa chumba cha kupanga kwa Mzee Mwinshehe wa Temeke, mtu ambaye ukimwambia leo Jumatatu, anataka kwanza akaulize msikitini.

Jina langu Gozbert, mtu wa Bukoba. Nilishuka pwani mwaka 1950 na sanduku la bati na Kiingereza changu cha misheni, nikapata kazi katika karakana moja ya serikali. Kazi yenyewe ilikuwa kupiga taipu, kutunza mafaili, na mara moja kwa mwaka, mwezi wa Septemba, kuwa mkalimani kwenye jaribio la mafundi umeme wanaotafuta cheti. Mafundi wengi Kiingereza hawakijui, kwa hiyo maswali mie nayafasiri kwa Kiswahili, fundi akijibu narudisha kwa Kiingereza kwa mkaguzi wa Kizungu. Siku hiyo nilikuwa navaa tai. Wenzangu walikuwa wananiita Mdomo wa Bwana, na sitasema uongo, jina lilinipendeza.

Mzee Mwinshehe alikuwa fundi hapo hapo karakanani. Mzaramo wa Kisarawe, mfupi, kofia ya kiua haimtoki kichwani, vidole vyake vimekomaa hata akishika waya wa moto anasema tu "ee, upo," kama mtu aliyebishiwa hodi. Alianza kazi kabla ya vita ya Hitla. Nusu ya taa za Uzunguni alizifunga yeye. Lakini kwenye makaratasi hakufunga hata moja, kwa sababu hakuwa na cheti, na fundi asiye na cheti haruhusiwi kutia sahihi. Akimaliza nyumba, anaitwa Kondo. Kondo ana cheti. Kondo anaangalia dari, anaangalia swichi, anasema "ah, kazi ya mwalimu hii," anatia sahihi, anaondoka zake. Kusema kweli Kondo alikuwa mtu mwema, na ufundi wote alifundishwa na huyo huyo Mzee Mwinshehe.

Mambo yakawa mabaya nguzo za umeme zilipofika mtaani kwetu. Mzee alikwisha jitayarisha. Jumapili tatu mfululizo alipitisha mabomba, akavuta nyaya, akafunga swichi kila chumba, hata chooni, mahali ambapo jirani zetu walikuja kutazama kwa zamu. Kilichobaki ni fomu ya kuunganishiwa umeme. Chini ya fomu pana mstari: sahihi ya fundi mwenye cheti.

"Mwalimu, nipe hiyo karatasi nitie sahihi, yaishe," Kondo akamwambia barazani.

"Wewe nilikufundisha kushika bisibisi," Mzee akajibu. "Ulikuwa unaishika kama mwiko. Leo sahihi yako ndiyo iniwashie taa mie, nyumbani kwangu, mbele ya mke wangu? Sitaki."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitachukua cheti changu mwenyewe, nitie sahihi yangu mwenyewe. Wallahi hapa hapawaki taa kwa mkono wa mtu mwingine."

Kaapa. Na mtu akishaapa mbele ya mkewe, imekwisha. Bi. Hija, mkewe, akabaki katika nyumba yenye swichi kila ukuta na kandili moja. Mama huyu alikuwa anashona kofia za kiua, kazi ya macho. Mazoea yakamwingia: kila akiingia chumbani anabonyeza swichi, anangoja kidogo, anaibonyeza tena, halafu ndiyo anatafuta kiberiti.

Basi Septemba ya mwaka 1953 Mzee Mwinshehe akaja kwenye jaribio. Mkaguzi wakati huo tulimwita Bwana Rula, maana rula haikumtoka mkononi. Alipima nayo kila kitu, hata urefu wa kucha za mafundi. Kazi za mikono Mzee alizimaliza wenzake bado wanatafuta koleo. Kupinda bomba, kuunga waya, kufunga swichi mbili za taa moja, yote safi. Bwana Rula akapima kwa rula, hakuona pa kukosoa, akanuna.

Yakaja maswali matatu ya mdomo, na lazima upate yote. Utaratibu wetu ulikuwa huu: karatasi ya maswali inatoka Nairobi ndani ya bahasha yenye lakiri. Bwana ana nakala yake yenye majibu, mie nina yangu ya maswali matupu. Yeye anataja namba ya swali, mie nasoma na kufasiri. Jibu la kwanza linalotoka mdomoni mwa fundi ndilo jibu. Hakuna kurudi nyuma.

Swali la tatu likasema hivi: globu ya volti mia mbili thelathini, wati mia moja, ina ukinzani kiasi gani? Ukinzani ni ile nguvu ya waya ya kuuzuia umeme usipite ovyo, na hupimwa kwa omu. Jibu la Nairobi lilikuwa mia tano ishirini na tisa. Hesabu yake hata mie karani naijua: volti zizidishe kwa zenyewe, ugawe kwa wati, basi, nenda kanywe chai.

Mzee Mwinshehe akaniuliza, "Globu yenyewe iko wapi?"

"Hakuna globu, mzee. Ni swali."

"Sasa mtu asiyekuwepo nitampimaje homa?"

Kabla sijasema neno, katia mkono kwenye mkoba wake, katoa globu yake mwenyewe iliyoviringwa kwenye kipande cha kanga. Kavuta kasha la kupimia lenye betri, kagusisha nyaya mbili, kaangalia mshale. "Thelathini na tisa," akasema.

Nikafasiri. Bwana Rula akasema mia tano ishirini na tisa. Mzee akasema, basi mwambie aje aone mshale. Bwana Rula akasema hakutoka Uingereza kuja kuangalia mshale, jibu liko kwenye karatasi. Akachora mstari mwekundu kwa rula, na Mzee akaanguka jaribio.

Jioni ile alinikalisha barazani. Mie nilikuwa na hasira naye, nikamwambia wazi: mzee, umejitakia. Kitabu kimesema mia tano na ushee, wewe nani?

"Karani, sikiliza," akasema. Yeye ule ukinzani aliuita ubishi, na nadhani alikuwa anauelewa kwa undugu. "Globu baridi haina ubishi. Umeme ukija, inaupokea tu, karibu, karibu. Ule uzi mwembamba wa ndani ukishapata moto, ndipo ubishi unapoanza. Ukiipa volti kidogo inapata moto kidogo, inabisha kidogo. Ukiipa volti nyingi inawaka nyeupe, na ubishi unapanda mpaka huko kwenye mia tano ya Bwana wako. Hiyo namba ni ya globu inayowaka. Mie kaniuliza globu. Hakuniambia inawaka."

"Lakini mzee..."

"Umewahi kuona globu ikifa imetulia zake, inawaka? Mara chache. Inakufa pale pale unapobonyeza swichi. Paa! Kwa nini? Kwa sababu ikiwa baridi haijui kukataa, inabugia umeme kwa pupa mpaka uzi unakatika. Muulize mwanamke yeyote wa Uzunguni."

Mie sikuwa na mwanamke wa Uzunguni wa kumuuliza, kwa hiyo nikaingia chumbani kwangu nimekasirika zaidi. Maana lililoniudhi ni kwamba nilimwelewa.

Mwaka wa pili, 1954, swali lile lile, herufi zile zile. Safari hii Mzee alikuja na ubao wenye globu tatu na mita ya ampea kutoka stoo, ile inayopima umeme unaopita, na kabla Bwana Rula hajamfukuza, akachomeka. Akawasha globu moja: mita ikasema pointi arobaini na tatu, kama kitabu kinavyotaka. Kisha akaziunga mbili kwenye mstari mmoja, kila moja ikapata nusu ya volti, zikawaka wekundu wa kaa la moto. Kitabu kinasema volti nusu, ampea nusu, yaani pointi ishirini na mbili. Mita ikasimama kwenye pointi thelathini. Akaunga tatu. Kitabu kinataka kama pointi kumi na nne, mita ikasema ishirini na nne.

"Mwambie," akasema Mzee, "volti zikipungua, globu inapoa, ubishi unapungua, ndiyo maana ampea hazishuki anavyotaka yeye."

Nikafasiri vizuri, tena kwa madaha. Bwana Rula akasogea, akaigonga mita kwenye kioo kwa rula. Akaigonga tena. Akasema mita ni mbovu.

Sasa hapo mtu wa ofisi ndipo anapofurahi. Chombo kibovu hupelekwa Nairobi, na lazima kifuatane na namba zinazothibitisha ubovu wake. Nikaketi nikapiga taipu vipimo vyote vya Mzee Mwinshehe, nakala tatu, pamoja na ile thelathini na tisa ya baridi, nikapigia mstari mwekundu chini, jina la fundi pembeni. Ilikuwa karatasi nzuri sana. Mita ikaondoka kwa meli kama mgonjwa. Baada ya wiki sita ikarudi na barua: mita ni nzima, haina kosa lolote.

Bwana Rula akasema basi globu ndizo mbovu. Zikaagizwa mpya, dazeni nzima, boksi halijafunguliwa. Zikapimwa, zikasema maneno yale yale ya wenzao. Baada ya siku mbili Bwana Rula akaandika kwenye faili kwamba fundi Mwinshehe ana mwelekeo wa kuviharibu vyombo vinapokuwa karibu naye. Haki ya Mungu, niliipiga taipu mwenyewe. Mita imeshukiwa, globu zimeshukiwa, mtu kashukiwa. Karatasi ya maswali haikushukiwa hata kidogo, na mie wakati huo niliona ni sawa kabisa.

Mzee akaanguka mara ya pili. Bwana Rula akaenda likizo kwao na hakurudi tena.

Kisha ukaja waraka. Kuanzia mwaka 1956 fundi aliyetimiza miaka hamsini haruhusiwi tena kufanya jaribio. Na fomu ya Mzee Mwinshehe ilikuwa imeandikwa kazaliwa 1905. Aliyeandika ni mie. Siku anajiandikisha nilimuuliza kazaliwa lini, akasema mama yake alimwambia ilikuwa vita ya Majimaji. Basi nikaandika mwaka wa Majimaji, wino mweusi, mwandiko safi.

"Gozbert," akaniambia Bi. Hija, na kwa kawaida huwa ananiita mwanangu, "kwani ungeandika 1915, kalamu ingekuvunjikia mkononi?"

Ikawa Septemba ya 1955 ndiyo ya mwisho. Akianguka hapo, basi tena: taa ya nyumba yake ama iwake kwa sahihi ya Kondo, ama isiwake maisha.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe Bi. Hija alitoka na kofia aliyokuwa anaishona, akaketi mbele ya mumewe, akamwekea ile kofia magotini. Viua vilikuwa vimekwenda upande. Mtu aliyewahi kuona kazi ya mama huyu, asingeamini ni yake.

"Hii nimeishona jana," akasema. "Mume wangu, mie omu siijui wala hiyo ampea siijui. Najua macho yangu. Moshi wa kandili umenimaliza. Miaka mitatu nabonyeza swichi ya bure ndani ya nyumba ya fundi umeme, watu wananicheka kisimani. Sijawahi kukuomba uwe mwongo. Leo nakuomba. Waambie hiyo namba wanayoitaka."

Mzee aliishika ile kofia, akaigeuza, akaigeuza tena. Mie nikaona ndiyo nafasi yangu, nikaingia. "Mzee, namba hii si ya baba yako wala ya mama yako. Itamke tu, uchukue cheti, halafu ukae hapa barazani ubishane mpaka ufe."

"Niseme uongo mbele ya globu?"

"Globu haina masikio, mzee."

"Ina kumbukumbu," akasema. Lakini sauti ilikuwa imeshuka, na nilipomtazama nikaona macho yake yana maji. Nilimhurumia. Tena nilifurahi, yote mawili kwa pamoja, maana mbishi wa Temeke nzima nilikuwa nimemshinda mie.

Tukaanza mazoezi. Kila nikitoka kazini, kabla sijavua viatu, namuuliza: "Ukinzani wa globu?" Naye anajibu, "Mia tano ishirini na tisa," uso umekunjamana kama mtu anayemeza kwinini. Siku za mwanzo alikuwa anaongeza "ikiwaka." Nikamkataza. Neno moja la zaidi litakuponza, nikamwambia, sema namba, ufunge mdomo. Mwisho akaweza. Hata Bi. Hija akipita na ndoo alikuwa anamuuliza, naye anajibu, na mama wa watu anatabasamu.

Siku ikafika. Mkaguzi mpya alikuwa kijana, magoti mekundu kwa jua, katoka Nairobi juzi juzi. Alinishangaza: aliwapa mafundi mkono, mmoja mmoja. Bwana Rula hakuwahi. Akavunja lakiri, akanipa karatasi yangu. Nikaitupia jicho. Maswali matatu, mpangilio ule ule, herufi zile zile. Nilikuwa nimekwisha ifasiri karatasi hiyo kwa mafundi zaidi ya mia. Naijua kuliko sala ya Baba Yetu. Basi nikasema moyoni, huyu Bwana mgeni na ajue ana mkalimani wa namna gani. Nikaikunja ile karatasi mara mbili, nikaweka mikono nyuma, nikawa nafasiri huku natazama dirishani.

Mafundi wawili wa mwanzo walianguka kwenye swali la pili, kwa hiyo la tatu halikufikiwa. Wa tatu kuingia alikuwa Mzee Mwinshehe, kavaa kanzu iliyopigwa pasi na Bi. Hija. Swali la kwanza kapata. La pili kapata. Bwana akasema, namba tatu, na kutoka kwenye kikasha akatoa globu, akaiweka mezani katikati, juu ya kitambaa.

Nikatoa sauti yangu ya siku ya tai. "Globu ya volti mia mbili thelathini, wati mia moja. Ina ukinzani kiasi gani?"

Mzee akaitazama ile globu. Aliitazama muda mrefu, mpaka Bwana naye akainama mbele kwenye kiti, kama anayemngoja mtu avuke mto.

"Karani," Mzee akasema polepole, "na hii ya mezani ya nini?"

"Ya kuonyesha tu, mzee. Jibu."

"Iko baridi hii."

"Mzee, jibu!"

Akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo, hivyo hivyo kama tulivyozoea. Akafumba macho. "Mia tano ishirini na tisa," akasema, na mabega yakamshuka.

Nikairudisha namba ile kwa Kiingereza kwa furaha ambayo sijawahi kufasiri nayo kitu. Nikangoja Bwana aandike. Hakuandika. Akalaza kalamu, akafungua faili, akatoa karatasi moja, na karatasi yenyewe ilikuwa yangu: nakala ya vipimo, mstari mwekundu chini, jina la fundi pembeni.

"Huyu siye fundi aliyepima hizi?" akaniuliza kwa Kiingereza, sauti ya mtu aliyevunjika moyo. "Tumeijadili karatasi hii mwaka mzima. Alisema kweli. Swali tumelibadilisha kwa sababu yake, na mie niliomba nije mwenyewe nimsikie. Mwambie tumeuliza ikiwa baridi. Baridi, kama ilivyolala hapo mezani. Nasikitika sana, lakini jibu la kwanza ndilo jibu."

Nikaikunjua ile karatasi ya maswali nyuma ya mgongo, nikaileta mbele. Swali la tatu lilikuwa na mstari mmoja mfupi mwishoni ambao haukuwepo miaka yote: ikiwa baridi, kabla ya kuwashwa. Umepigwa taipu wazi kabisa. Nikaona aibu, nikaona hofu, na hofu ndiyo iliyokuwa kubwa. Nikisema sikusoma, tai nimeivua leo leo, na garimoshi la kunirudisha Bukoba nimelipanda.

Lakini Mzee Mwinshehe, katika Kiingereza chote, alikuwa na maneno kama kumi, aliyoyaokota kwenye mafriji ya Uzunguni. Moja lilikuwa hilo.

"Kold," akasema. "Kasema kold. Kaonyesha globu, kasema kold." Akanigeukia. "Karani, anauliza ya baridi? Mbona hukunambia ya baridi?" Na kabla sijapata uongo wa kumpa, uso wake ukafunguka, akasimama. "Mwambie! Mwambie ni thelathini na tisa! Mwambie mie siku zote nasema thelathini na tisa, ile nyingine nimefundishwa. Mwambie, Gozbert, mwanangu."

Mpaka siku ile alikuwa hajawahi kuniita jina langu.

"Anasemaje?" Bwana akauliza.

Nikaitazama globu, nikamtazama Bwana, Mzee sikumtazama.

"Anasema ahsante sana, bwana."

Bwana akainuka, akazunguka meza, akampa mkono, kwa huzuni kweli kweli. Mzee Mwinshehe akaupokea kwa mikono yake miwili, akautikisa, akacheka mpaka nikaona meno yake yote. Nikafungua mlango, nikaita fundi mwingine.

Saa za kazi zilipokwisha nilimkuta getini ananingoja. Tukarudi kwa miguu kupitia Keko, yeye mbele, mie nyuma, anasalimia kila mtu, hata wale aliogombana nao. "Umeona, Karani?" ananiambia kila hatua kumi. "Kanipa mkono. Miaka mitatu, leo kanielewa. Wewe usijali kusahau lile neno, kusahau ni kwa kila mtu, muhimu ulimfasiria mwisho." Mie naitikia, ndiyo mzee, ndiyo mzee.

Tulipofika Temeke akaingia duka la pembeni, akatoka na globu mpya ya wati mia ndani ya boksi lake, ya barazani, akasema, Bi. Hija ashonee nje penye upepo. Akaliweka lile boksi chini ya kwapa, akaniuliza cheti kikitoka Nairobi huchukua siku ngapi.

Nikamwambia, mzee, mambo ya Nairobi huchukua muda.